Sahani Iliyofunikwa

3 Februari

Mdogo wangu Cherehani,

Shikamoo yako nimeipokea hata kabla hujaiandika. Marahaba.

Nakuandikia nikiwa mezani kwangu mahakamani. Hakimu ameenda kunywa chai, na mashahidi wako nje kwenye benchi wanapanga uongo wao. Ningepiga simu, lakini kuta za nyumba yetu unazijua. Baba akiwa bafuni anasikia sindano ikianguka jikoni, halafu ukimwomba ahame kwenye kiti chako anakuwa kiziwi. Na sisi wawili tukishika simu, ama tunacheka mpaka salio linakwisha, ama tunagombana. Barua inatutia adabu.

Dhumuni la barua hii, kama tulivyofundishwa shuleni, ni kwamba ndani ya bahasha kuna mchezo wa kuigiza, na nimeuandika mimi. Usicheke. Miaka yote hii kazi yangu ni kuandika maneno ya watu kizimbani, "akaniambia, nikamwambia," mpaka nimejua mtu anavyolizunguka jambo asilotaka kulisema. Nikaona niandike wawili wanaolizunguka jambo. Ni wa kitendo kimoja, kama mnavyotaka huko kwenye ukumbi wenu. Nimeujaribu kwa kuusema kwa sauti nikiwa nafua, ukaisha kabla ya nguo.

Unaitwa *Sahani ya Tatu*. Mzee na dada yake wanakula chakula cha mchana. Mezani pana sahani ya tatu imefunikwa, na mbele yake kiti kitupu. Ni ya kijana wa yule mzee, aliyeondoka kwa maneno makali. Wanaongea habari za bomba linalovuja, paka wa jirani, chumvi. Sahani hawaigusii. Wanakula, wanaondoa vyombo vyao, na sahani inabaki pale pale. Basi.

Usinipendelee kwa kuwa nimekubeba mgongoni. Ukiona haufai, washia jiko.

Baba hajambo. Macho ndiyo yanamtesa. Gazeti analisogeza mbali mpaka mkono unaisha. Zaidi ya hapo usiniulize. Kiapo changu unakijua.

Dada yako


11 Februari

Dada yangu, karani wangu, na sasa mwandishi wangu,

Shikamoo, na hii ni ya kweli, nimeinama.

Niliusoma mchezo wako nimesimama mlangoni, mfuko wa vitunguu mkononi, na nilipomaliza vidole vimekufa ganzi. Tunauigiza. Sikupendelei, dada; ningekupendelea nisingekwambia uache kuandika "Mzee anakohoa kwa maana." Mtu anakohoaje kwa maana? Mzee Suti, ambaye ndiye atakuwa mzee, alikohoa mchana kutwa akitafuta hiyo maana mpaka nikamtengenezea chai ya tangawizi.

Hujawahi kufika, kwa hiyo acha nikuoneshe. Ukumbi ulikuwa stoo ya rangi, nyuma ya jengo refu la ofisi. Sakafuni bado kuna matone ya buluu ambayo hayatoki hata ukisugua kwa wembe. Viti havifanani hata viwili. Jukwaa la juu hatuna. Waigizaji wako chini pamoja na watu, ukinyoosha mguu unamkwaza mfalme. Saa saba mchana ofisi zikienda mapumziko, watu wanakuja. Mama Bakuli, mpishi wetu, anasimama mlangoni na kumpa kila mtu supu na mkate. Wanakaa, taa zinafifia, mchezo unaanza, na saa yao ya chakula ikiisha wamerudi kwenye mafaili. Sheria ni moja: mchezo uwe wa kitendo kimoja, na uwe mpya kabisa, haujachezwa popote. Kila wakati kuna mjuzi anayeniuliza kwa nini nahangaika na waandishi wasiojulikana. Namjibu kwamba hata wanaojulikana hawakuzaliwa wanajulikana.

Kuna pia desturi yetu ndogo. Wanaochelewa ni wengi, maana bosi hupenda kumkumbuka mtu akiwa ameshashika kitasa. Basi tunawawekea viti vichache, na juu ya kila kiti bakuli la supu limefunikwa na sahani. Aliyechelewa haulizi wala hasumbui mtu. Anaingia gizani, akiona chakula kilichofunikwa, ndipo pake. Mama Bakuli huniuliza nilijifunza wapi ujanja huu. Namwambia nimezaliwa na akili.

Sasa tugombane. Mwisho wako sio. Watu wangu wanarudi kazini, dada. Siwezi kuwarudisha kwa mabosi wao na kiti kitupu kifuani. Yule kijana aje. Asikae, asile, aonekane tu mlangoni taa zikizimika. Au dada mtu aifunue ile sahani. Nipe kitu.

Mzee Suti atakuandikia mwenyewe, ana maswali. Ni mwigizaji mkongwe, ana suti moja na adabu nyingi, mvumilie.

Na Baba? Najua kiapo chako, aliniambia shangazi: huruhusiwi kuniita. Sawa. Na mimi nakwambia nisemavyo siku zote. Alisema mchezo haulishi mtu, nikamjibu nisivyopaswa kumjibu mzazi, akasema mlango naujua. Nikiitwa nitakuja, hata kesho, hata kwa miguu. Lakini kwenda kubisha hodi kwenye nyumba ambayo jina langu halitajwi, moyo unakataa. Kweli hanitaji, dada? Hata kwa kuteleza ulimi?

Mdogo wako, Cherehani


15 Februari

Bibi Mwandishi mheshimiwa,

Nakuamkia kwa heshima, nikitumaini u mzima.

Mimi ndimi nitakayekuwa mzee katika mchezo wako. Bibi Msimamizi wetu, mdogo wako, anataka mwisho ubadilike. Mimi sitaki, lakini mwigizaji hana kura, ana mistari tu. Kwa hiyo nakuuliza, na kuuliza si ujinga. Huyu mzee, anapoifunika sahani, ana hasira au ana huzuni? Anaifunika kwa mkono gani? Na chakula kile kinakwenda wapi baadaye? Kwenye karatasi hukuandika, lakini mkono wangu lazima ujue.

Kuhusu kikohozi, nimekata tamaa.

Wako katika kazi,
Mzee Suti


21 Februari

Mzee wangu,

Shikamoo. Kikohozi kifute, nilikuwa najionesha.

Nitakujibu, ila kwanza nikuombe jambo: mdogo wangu asiijue barua hii. Si kwa ubaya. Ukifika mwisho utaelewa.

Mzee yule ni baba yetu. Dada mtu ni mimi. Kijana aliyeondoka ni huyo Bibi Msimamizi wako anayepiga kelele kuhusu mwisho wangu. Nimembadilisha nguo tu ili asijitambue upesi.

Baba aliianza sahani ya tatu wiki ile ile mdogo wangu alipoondoka. Hakusema kitu, nami sikuuliza. Kila mchana anapakua mwenyewe: yake, yangu, halafu hiyo. Anaifunika kwa sahani nyingine iliyopinduliwa, kwa mkono wa kushoto, kisha anaiwekea vidole viwili juu kidogo, kama mtu anayempima mtoto homa. Halafu anakaa na kuanza kulalamikia bomba. Alikuwa fundi bomba wa mji mzima huu, na bomba la jikoni kwake linavuja mpaka leo. Jioni anakipasha kile chakula na kukila yeye. Anasema si vizuri kutupa.

Umeuliza hasira au huzuni. Hasira iliisha zamani, mzee wangu. Imebaki haya. Anaona haya kumwita mtoto aliyemfukuza, na mtoto anaona haya kurudi bila kuitwa, na mimi nakaa katikati na chumvi mkononi.

Kwa nini nisimwandikie tu hivi? Kwa sababu Baba aliniapisha mbele ya picha ya Mama. Nisimwite kwa mdomo, wala kwa simu, wala kwa barua. Alisema mtoto akiitwa na dada yake, kaja kwa dada yake. Anataka aje kwa miguu yake na kwa moyo wake. Nami nikaapa, na mimi ni mtu wa mahakama, naujua uzito wa kiapo. Lakini Baba hakutaja mchezo wa kuigiza.

Ndiyo maana nakusihi kiti kibaki kitupu. Akiingia mtu mlangoni, watapiga makofi na kusahau. Nataka siku moja mdogo wangu asimame nyuma ya ukumbi wake, akitazame kile kiti, na aone kina umbo lake. Akiona mwenyewe, mimi sijamwita. Baba macho yanafifia, mzee wangu. Natamani amwone mwanawe kabla hajaanza kumtambua kwa sauti tu.

Nakushukuru kwa kuuliza swali la mkono.

Mwandishi


9 Machi

Dada,

Shikamoo. Kaa chini kwanza.

Tumefungua. Mwisho wako umebaki, sababu Mzee Suti amegoma. Mtu ambaye hajawahi kubishana na mimi hata juu ya soksi, alivua koti akalikunja na kusema kijana akiingia mlangoni, yeye anatoka kwa mlango huo huo. Nikanyoosha mikono.

Ukumbi ulijaa. Meza katikati, sahani tatu, watu wamekaa pande zote na mabakuli yao. Mzee Suti akapakua. Dada, sijui ulimwambia nini kuhusu mkono ule. Alipoifunika ile sahani na kuigusa kwa vidole, watu wakaacha kutafuna. Kwenye ukumbi wangu, kuacha kutafuna ndiyo makofi yenyewe.

Tukafika kwenye maongezi ya paka. Mlango ukafunguka taratibu. Akaingia fundi wa lifti wa lile jengo refu, na mkanda wake wa vifaa kiunoni, mtu wetu wa siku nyingi, muungwana, hachelewi kwa kupenda. Lifti ilikuwa imemkwamia na mkurugenzi ndani. Sasa mwone. Yuko gizani, anatembea kwa ncha za viatu asisumbue mtu. Anatafuta kiti. Na anaona nini? Kiti kitupu, na mbele yake chakula kilichofunikwa.

Ndiyo. Alikaa.

Nilikuwa nyuma kwenye taa, nikataka ardhi inimeze. Kosa ni langu mwenyewe. Nimewafundisha watu hawa kwamba chakula kilichofunikwa ni haki ya aliyechelewa, halafu nikaweka kingine katikati ya mchezo nikategemea wajue kuwa kile ni cha uongo. Akafunua. Akaitazama ile sahani ya kufunikia, asijue aiweke wapi, akaipeleka chini ya kiti kama tunavyofanya siku zote. Akaanza kula. Hapo ndipo akagundua kuwa watu wote wanamtazama yeye, na kwamba mzee aliye mbele yake ana suti na analia.

Kweli alilia, dada. Mzee Suti halii ovyo, kilio chake hukipanga tangu mazoezini. Machozi yakamtoka, akasogeza kichupa cha chumvi taratibu mpaka mbele ya yule fundi, akasema, "Chumvi hiyo hapo." Basi. Akaendelea na habari za bomba. Fundi wa watu afanyeje? Akatia chumvi. Akala chakula chote, akafuta sahani kwa mkate, huku wale wawili wakiongea juu ya kichwa chake kama mtu aliyekuwepo siku zote. Taa zikazimika. Hakuna aliyeondoka. Watu walichelewa kazini kwa ajili yako.

Nikasema huu sasa ndio mwisho wetu, kila siku tumwingize mtu. Mzee Suti akakataa tena. Ati mgeni njoo mwenyeji apone, lakini kiti kile kina mwenyewe. Nikamuuliza mwenyewe ni nani. Akavaa kofia akaenda zake. Mama Bakuli naye siku hizi ananitazama kama mtu mwenye homa. Mna nini nyote?

Jana na leo kiti kimebaki kitupu, kama ulivyoandika. Fundi wa lifti amerudi siku zote mbili. Anakaa karibu na meza, na mtu yeyote akichelewa na kuanza kukiendea kile kiti, anamshika mkono na kumtikisia kichwa. Amekuwa mlinzi wake.

Jambo moja tu linanisumbua. Leo nilisimama nyuma nikautazama mchezo kama mtu baki, na palipofika pa kuondoa vyombo nikajikuta nimetoka nje kwenda kusimama na mapipa ya taka. Sijui kwa nini. Labda ni uchovu.

Cherehani wako


16 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba.

Nilipofika pa fundi wa lifti, nilikunja barua nikaiweka kwenye droo, nikamkemea shahidi asiye na kosa. Nilikasirika. Nikajiambia, mtu amekula chakula kisicho chake, na hawa wanamtazama tu. Mchana nikaenda nayo nyumbani, nikaitoa tena mezani niisome kwa jicho la pili.

Baba akauliza, "Ya nani hiyo?"

Tangu uondoke barua zako zimekuwa zikipita mbele ya pua yake kama bili za maji. Hajawahi kuuliza. Nikasema ya Cherehani. Akasema, "Macho yangu mabaya. Soma." Akaongeza haraka, "Kama hakuna siri zenu."

Nikasoma. Nilipofika kwenye meza na sahani tatu, akaweka kijiko chini. "Mchezo huo kaandika nani?" Nikasema mimi. Akasema, "Kwa hiyo nimeshtakiwa bila hati ya wito." Nikasema ndiyo, Baba. Akauliza kama nimeandika lile la chumvi pia. Nikasema ndiyo. Akasema, "Endelea."

Tulipofika pa fundi wa lifti alicheka, Cherehani. Alicheka mpaka akashika meza. Nilikuwa sijausikia mcheko ule kwa muda mrefu kiasi kwamba nilifikiri amepaliwa. Lakini hakukubali niendelee mbele. Alinirudisha nyuma. Kwa nini yule mtu alijua akae? Nikamsomea ile barua yako ya Februari, ya desturi yenu, mabakuli juu ya viti na sahani za kufunikia. Akataka kujua ile ya juu inawekwaje. Imepinduliwa? Nikasema bila shaka imepinduliwa. Akavua miwani, akaifuta kwa shati.

Akasema, "Hiyo ni ya mama yenu."

Wewe ulikuwa mdogo, pengine hukumbuki. Baba alikuwa anachelewa kila siku, mabomba ya mji yalikuwa hayaheshimu saa ya kula. Mama alikuwa akimfunikia hivyo, juu ya kiti chake, sio mezani, ili sisi tusikikalie. Ulikuwa unagombana na kile kiti. Ulikuwa unauliza kwa nini kiti kinapewa chakula na wewe unaambiwa usubiri. Hukuzaliwa na akili, mdogo wangu. Umeichukua nyumbani.

Baba alivaa tena miwani. Halafu akauliza, "Na huyo fundi, alishiba?" Nikamwambia alifuta sahani kwa mkate. Akasema, "Basi mchezo umelisha mtu." Akainuka kwenda kujipumzisha, na hakujipumzisha, nilimsikia akitembea chumbani huku na huku.

Sasa sikiliza. Mimi nimeapa, na kiapo changu nakishika. Sikuiti. Hakuna mahali kwenye barua hii nilipokuita, na ukitaka itafute kwa taa. Lakini sikuapa kuficha meza. Kwa hiyo nakueleza meza yetu ilivyo, kama ninavyoeleza kielelezo mahakamani. Imefunikwa kitambaa kile cha Mama cha maua. Baba amekaa upande wa dirisha, mimi upande wa jiko. Mezani pana sahani tatu. Ya tatu imefunikwa. Imekuwa ikifunikwa kila mchana tangu wiki uliyoondoka. Anaipakua yeye mwenyewe, kwa mkono wa kushoto, na anaweka vidole juu.

Kielelezo kimepokelewa. Sina la kuongeza.

Dada yako


27 Machi

Cherehani, mtoto usiyetulia,

Nakuandikia kutoka kwenye meza yako, kwa kalamu yako isiyotoa wino, na hupo.

Ulinyamaza. Siku zikapita, barua haiji, nikajua nimeharibu. Nikasema mwandishi gani asiyeuona mchezo wake hata mara moja, na wiki hii ndiyo ya mwisho. Nikaomba ruhusa kazini, nikamwachia Baba jirani wa kumletea chakula, nikamdanganya kwamba kuna semina ya makarani. Aliniambia, "Nenda, nenda," upesi mno, na akanipa begi mwenyewe. Nilipaswa kushtuka.

Nimefika saa saba imeshapita. Mlangoni nimekuta mama mnene mwenye kitambaa cha kijani, nikasema mimi ni dada yake Bibi Msimamizi. Akaniangalia, akajishika kiuno, akasema, "Mwenzako kaondoka leo asubuhi. Kaenda kwenu." Kisha akaanza kucheka, na mimi nikaanza, tukasimama pale tunashikana mabega mpaka mtu akatuambia shhh kutoka ndani. Mabasi yetu lazima yalipishana mahali fulani, na mimi wakati huo nilikuwa nimelala mdomo wazi.

Mama Bakuli akaniingiza gizani bila neno. Nikaona kiti, na juu yake bakuli limefunikwa. Nikakaa nalo mapajani. Sikulifunua haraka. Na mbele yangu nikamwona Baba, Cherehani. Amevaa suti ya mtu mwingine na ana uso wa mtu mwingine, lakini ni mkono wake. Karibu na kiti kitupu alikuwepo fundi wako wa lifti, kidole mdomoni, analinda. Mchezo ulipoisha nilimwamkia Mzee Suti, akanibusu mkono, nikaona haya kama mwanafunzi.

Nimepewa funguo zako. Mama Bakuli anasema mpaka urudi mimi ndiye Bibi Msimamizi, na kwamba kesho kuna mwandishi mpya anakuja kutusomea mchezo wake, kijana wa duka la miwani, anaogopa kama kuku. Nitamwambia nini? Nitamwambia asiandike kukohoa kwa maana.

Naituma hii nyumbani kwetu, nikiwa sijui itakukuta umekaa mezani au umesimama getini. Kama uko getini, ingia. Hapo sikuiti, ninakupa maelekezo ya njia.

Dada yako


31 Machi

Dada,

Shikamoo kutoka kwenye kiti chako cha upande wa jiko. Kinalia kila mtu akikikalia, ulinificha hilo pia.

Barua yako ya meza niliisoma nimesimama, kisha nikakaa sakafuni kwenye yale matone ya buluu. Sikukujibu kwa sababu kila nilichoandika kilikuwa kilio, na karatasi haikubali. Mama Bakuli ndiye aliyenipokonya kalamu akaniletea begi.

Sikusimama getini. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima, "Baba, nimekuja, Baba, naomba," na mengine ya kupendeza. Mlango wa jikoni ulikuwa wazi. Baba amenipa mgongo, anahangaika na sufuria ya jirani. Mezani pana sahani mbili, maana wewe ulikuwa kwenye semina. Yake, na nyingine imefunikwa. Dada, maneno yote yakaisha. Nikafanya kitu pekee ninachokijua. Niliona chakula kilichofunikwa mbele ya kiti kitupu, na nilikuwa nimechelewa. Nikakaa.

Kiti hicho nacho kikalia. Baba akageuka, akakunja macho, akasogeza kichwa nyuma kama anavyosogeza gazeti. "Nani?"

Nikasema, "Aliyechelewa."

Alisimama pale na mwiko, unadondosha mchuzi sakafuni. Nikafikiri ataniambia mlango ninaujua. Akaja mpaka mezani, akakaa mahali pake. Akatafuta kwa mkono, akakipata kichupa, akakisogeza mpaka mbele yangu.

"Chumvi hiyo hapo," akasema.

Nikafunua. Nikala. Tuliongea habari za bomba, dada, naapa, tuliliongelea bomba mpaka chakula kikaisha, yeye analia, mimi nalia, na chumvi haikuhitajika. Baadaye akaniuliza kama wale watu wangu wa ofisini hupewa supu inayoeleweka au maji ya moto. Akauliza kama viti vinatosha. Akasema alisema neno la kijinga siku ile na amelijutia kila mchana. Nikamwambia na mimi. Yakaishia hapo, hatukuyachokonoa. Jana nimelitengeneza lile bomba yeye akiniamrisha kutoka kwenye kiti, na halivuji, na sasa hatuna la kuongea mezani, itabidi tujifunze.

Semina yako aliijua toka mwanzo. Anasema karani wa kweli hapaki mafuta ya nywele kwenda semina.

Nakaa wiki nzima. Shikilia ukumbi. Kijana wa miwani mpe chai kwanza, halafu mwache asome mpaka mwisho bila kumkatiza, hata akikosea. Na umtafutie mchezo wake siku nzuri, Jumatano watu wana njaa lakini wana moyo.

Jambo la mwisho. Leo mchana Baba alipakua yake, akapakua yangu, halafu akachukua sahani ya tatu. Nikamwambia, "Baba, dada yuko mbali, harudi leo wala kesho." Akaendelea kupakua. Akaifunika, akaweka vidole juu.

"Hata wewe ulikuwa mbali," akasema.

Anataka kuandika mwenyewe hapa chini. Herufi zake ni kubwa kama za bango, usimcheke.

Cherehani


MWANANGU. MWAMBIE HUYO MPISHI SAHANI YA JUU IWE KUBWA KULIKO YA CHINI, VINGINEVYO MVUKE UNATOKA. MAMA YENU ALIJUA. MALIZA KAZI HUKO, USIKIMBILIE BASI. CHAKULA KIPO.

BABA